Anayeshona Pindo Anakaa Pembeni

Mama Zuhura,

Ni mimi. Mwandiko ni ule ule uliokuwa unaucheka, unasema kuku amepita hapa na miguu ya tope. Darasa la nne ni darasa la nne. Vumilia.

Sikuandikii kwa sababu nimetulia. Nakuandikia kwa sababu sikai. Wiki ya pili hii sikai. Nikikaa nasimama. Nikisimama naenda mlangoni, naangalia barabara, hakuna ninayemngoja, narudi. Jana nimenoa jembe ambalo halijaguswa tangu mwaka jana. Fundi wangu kwenye saiti kaniambia, "Baba Zuhura, vipi? Zege unalikoroga kama mmegombana nalo." Nikamwambia lete maji, acha maneno.

Na kisa chenyewe ni ukurasa wa kompyuta. Cheka. Mimi ningecheka kama ingekuwa wewe.

Mwanao sasa yuko duka moja kule Mkomaindo, Masasi. Mbele wanatoa kopi na kuchapa kadi za harusi. Nyuma kuna kompyuta mbili, na moja ni yake. Anatengeneza tovuti. Ulipoondoka alikuwa bado anajifunza, ulikuwa unamuuliza kila siku, "Hiyo kitu inaliwa?" Sasa wanamfuata watu wazima wenye mashati ya kuchomekea. Namuita mara mbili ndiyo anasikia.

Wale wasusi wenzako wa Mnyambe wamemwomba awatengenezee tovuti ya mikeka yao. Watu wa mbali waione, wajue inasukwa wapi na nani. Wakasema jambo moja tu: juu kabisa ikae ile picha ya mkeka wa harusi, yenye Mama Zuhura. Na wakasema, hiyo picha ni ya mke wa mtu, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni Baba Zuhura. Ikae vipi, aseme yeye.

Ndiyo nikasumbuka hapo.

Picha unaijua. Ni hiyo hiyo moja. Ile simu iliyokuwa na nyingine ilikufa na mambo yake yote. Ni siku mliyomaliza mkeka wa harusi ya binti wa Bi Somoe, mikanda kumi na moja ya ukili, imeshonwa ubavu kwa ubavu, mpana mpaka mkautoa nje kwa sababu hakuna chumba cha kuutandika. Zuhura akasema kaeni niwapige picha. Wanawake wakaingia wote juu ya mkeka, wanabanana, wanapigana viwiko. Bi Somoe akajiweka katikati kama bibi harusi ni yeye. Wewe ulikuwa na shazia mkononi, unamalizia pindo upande wa kulia. Mtu mmoja akakosa nafasi. Ukasema, "Songeni ndani, songeni." Ukatoka. Ukakaa juu ya udongo, magoti tu ndiyo yamegusa mkeka.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Zuhura. Nikakuuliza, "Mbona mwenye kazi unakaa chini?"

Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Anayeshona pindo anakaa pembeni. Ulitaka nishonee katikati?"

Wakacheka wote. Picha ikapigwa wakiwa wanacheka. Wewe peke yako huangalii kamera, unaangalia sindano.

Basi. Zuhura akaniita dukani. Akaniweka kwenye kiti kinachozunguka, nikakisimamisha kwa miguu. Akaniuliza, "Baba, upana wa ukurasa uwe wa kudumu au wa kunyumbulika?"

Nikamwambia nieleze kama unamweleza mtu.

Akasema, "Wa kudumu ni hivi. Mimi naupima ukurasa, nasema upana ni huu, basi. Aje mwenye kompyuta, aje mwenye simu, upana ni ule ule. Kila kitu kinakaa pale nilipokiweka. Wa kunyumbulika unafuata kioo cha mtu. Kioo kikiwa kipana unatanuka. Kikiwa chembamba unajibana, na vitu vinahama."

Vinahama. Sikulipenda hilo neno. Mimi nimeshika kazi ya ujenzi maisha yote. Dirisha likihama kuna mtu anafukuzwa.

Nikasema, "Nionyeshe huo wa kudumu."

Akaubonyeza. Mama Zuhura, nilikuona. Kioo cha kompyuta ile ni kikubwa, karibu sawa na ungo wa kupepetea mchele. Mkeka wote umekaa, mistari yake ya zambarau na ya kijani imenyooka, wanawake wote wapo, na kulia kabisa uko wewe, kichwa chini, shazia mkononi. Mpaka ile kanga yako ya njano ilionekana imechanika wapi. Mtu aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasubiri, akakohoa.

Nikasema, "Huu. Huu huu. Usiuguse."

"Baba, hujaona mwingine."

"Wa nini? Mtu akipata nyumba haendi kupanga."

Halafu nikafanya jambo ambalo wameshanicheka mpaka wamechoka. Nikatoa kamba ya kunyooshea tofali mfukoni, nikapima kile kioo kutoka kushoto mpaka kulia. Nikafunga fundo huku, nikafunga fundo huku. Nikamwonyesha Zuhura. Nikasema, "Upana ni huo. Ukipoteza kipimo, njoo uchukue kwangu."

Alicheka mpaka akashika meza. "Baba! Kila mtu ana kioo chake. Utawapimia wote?"

Nikasema kipimo ni kipimo. Nikarudisha kamba mfukoni, nikaondoka na hasira za mzee.

Njiani ndiyo ukaja. Huwa unakuja hivyo, ninapokuwa nimekosea na sijajua bado.

Unakumbuka nilivyojenga nyumba ya Mnyambe? Nilinunua bati kwanza. Mtu alikuwa anauza bati za futi kumi, nikaona nisiziache. Zikakaa kwa kaka yangu msimu mzima. Nilipoanza kujenga nikapima bati, nikasema chumba kitakuwa futi tisa, bati itoke kidogo nje, basi. Sikuuliza mtu. Ulikuja kuangalia msingi, umejitwisha ndoo ya maji, na maji ya kule kwetu unajua yanapandishwa kutoka bondeni, mtu hatembei nayo ovyo. Ulisimama nayo kichwani ukaangalia kamba zangu. Ukasema, "Umeijengea bati nyumba. Watu je?"

Nikakujibu vibaya. Nilisema Wamakua mnapenda ukumbi kama mnafanya ngoma kila siku. Ukasema, "Na nyie Wamakonde mnajenga kama mnaogopa wageni." Ukaenda na maji yako.

Mkeka wako uliouletea nyumba ile haukuenea chumbani. Ulikuwa umeusuka kwenu, kabla hujajua najenga upana gani. Ukaukunja upande mmoja, ukaupandisha ukutani kama mkanda mmoja na nusu. Miaka yote tumekaa hivyo. Mgeni akija anakaa, mgongo wake kwenye ukuta, makalio juu ya lile kunjo. Hukulisema tena jambo lile. Ulikuwa unakunja tu.

Siku ya msiba wako wanawake waliingia chumba kile wakajaa, wengine wakakaa juani. Bi Somoe akataka kuutandaza mkeka wako wote. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Akaukunja kama ulivyokuwa unaukunja. Nilitoka nje nikaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyeziomba.

Sijamwambia mtu hilo. Sasa nimeandika.

Kesho yake nikarudi dukani. Zuhura akanisalimia, "Shikamoo baba," nikaitikia, akanipa simu yake. Akasema, "Huu ni ule wa kudumu ulioupenda. Sasa uangalie kama watakavyouona watu."

Nikaangalia. Kwanza ukurasa wote ulikuwa umebanwa ndani ya simu, maandishi kama sisimizi, watu kwenye picha kama punje za ufuta. Nikasema sioni. Akasema ukuze kwa vidole viwili. Nikaukuza. Nikaona kona ya mkeka. Akasema sukuma kwa kidole. Nikasukuma, nikaona goti la mtu. Nikasukuma, nikapitiliza, nikaona weupe mtupu. Kidole changu kina sugu, simu haikisikii vizuri. Nilikutafuta pale muda mrefu. Nikikupata wewe naupoteza mkeka. Nikipata mkeka nakupoteza wewe.

"Haya," akasema. "Na huu ndiyo wa kunyumbulika."

Ukajaa kwenye simu vizuri. Herufi kubwa, unasoma bila miwani. Bei wala rangi hazikukatika, mikeka imejipanga mmoja chini ya mwingine, unashuka nayo tu kwa kidole kimoja. Nikapanda juu kwenye picha.

Katikati yuko Bi Somoe. Mkeka kidogo. Wanawake wawili huku, wawili huku.

Wewe hupo.

Nikasema, "Mama yako yuko wapi?"

"Picha inajaza upana wote, baba. Kioo kikiwa chembamba inakatwa pembeni, inabaki kati."

"Umemkata mama yako."

"Sijamkata. Kioo ni chembamba."

"Wewe ulizaliwa na kioo?"

Sikupaswa kusema vile. Alichukua kitambaa akawa anafuta kompyuta, na kompyuta ilikuwa safi. Akafuta, akafuta. Halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Naweza kuipunguza picha yote iingie. Atakuwepo. Lakini atakuwa kama ile punje ya ufuta uliyoikataa. Na Mnyambe hakuna mwenye kompyuta, baba. Wote wana simu. Mama angemtengenezea nani?"

Nikaondoka. Siku mbili hatukusemeshana, na tunakaa nyumba moja na jiko moja. Anapika, ananiwekea, nasema asante, anasema haya. Wewe ulikuwa unatuita majogoo wawili kwenye tenga moja. Sasa mwenye tenga hayupo.

Siku ya tatu nikadhani nimepata silaha. Nilikwenda dukani nikamwambia fungua huo wako wa kunyumbulika kwenye kompyuta kubwa. Akafungua. Alikuwa ameweka maneno ya mfano, habari za ukindu unavyochemshwa na rangi. Maneno yalianza ukuta huu yakaishia ukuta ule. Mstari mmoja mrefu kama safari ya Ndanda kwa miguu. Nikisoma mpaka mwisho, nikirudi kushoto nimeshapotea, nasoma mstari ule ule. Niliusoma mara tatu.

Nikasema, "Umeona? Ukiachia kitu kitanuke tu, mtu anapotea humo ndani."

Akasoma na yeye. Akasema, "Hapo umesema kweli, baba. Nitaweka kikomo. Ujibane utakavyo kwenye simu, lakini kwenye kioo kikubwa utanuke mpaka hapa, usipite."

"Kama pindo," nikasema.

Limetoka lenyewe. Akageuka akaniangalia. Akasema, "Ndiyo. Kama pindo." Siku ile alikula na mimi sahani moja.

Lakini jambo lako lilikuwa halijaisha. Kikomo kimepatikana, wewe bado umekatwa. Akaniambia, "Ijumaa baada ya sala wanakutana Mnyambe. Sema utakalosema, nitatengeneza hivyo hivyo. Ukisema wa kudumu, ni wa kudumu. Sitabisha tena."

Hilo ndilo limeninyima kukaa. Akibisha najua pa kushika. Akisema sitabisha, mzigo wote unabaki kwangu. Nikisema wa kudumu, wenzako watasukuma vidole mpaka wachoke, wataacha, na tovuti ni yao. Nikisema wa kunyumbulika, nimekutoa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Mara ya kwanza, kifo kilipokuja, sikuulizwa. Ulitolewa tu. Mara hii naulizwa.

Niliamua wa kudumu. Sikudanganyi. Mpaka tunapanda kule juu Ijumaa, upepo wa Newala unatupiga na vumbi jekundu, nilikuwa nimeamua. Kamba yangu mfukoni.

Walikuwa barazani kwa Bi Somoe, wanasuka huku wanaongea. Unawajua, mikono haisimami. Nikasema, "Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba shemeji. Umekonda. Huko Masasi wanakulisha saruji?"

"Wananilisha."

"Na nimesikia una kamba ya kupimia simu."

Zuhura akaangalia pembeni. Wakacheka wote, msusi mmoja mpaka akapoteza ukili wake akaanza kuhesabu upya. Mwingine akasema, "Mletee yangu aipimie msingi, anijengee na choo." Nikatoa kamba, nikaiweka juu ya simu ya Bi Somoe, ile ndogo ya tachi yenye kioo kilichopasuka kona. Fundo moja lilikaa juu ya simu. La pili likaanguka huko kwenye paja la jirani yake. Hata mimi nikacheka. Niliona nilichofanya, lakini moyo haukuhama.

Zuhura akawaeleza kama alivyonieleza. Akaufungua kwanza wa kudumu kwenye simu ya Bi Somoe.

Bi Somoe akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Naona kona ya mkeka. Mama Zuhura yuko wapi?"

"Sukuma, mama mkubwa."

"Nasukuma. Nimefika kwenye udongo."

"Umepita. Rudi kidogo."

"Huyu nani? Huyu ni mimi. Nilikuwa mnene hivi?"

"Rudi kulia."

Alisukuma. Akasukuma. Akasema, "Mwanangu, hii ni kazi ya kutafuta sindano gizani." Akaiweka simu chini, akachukua ukili wake, akaendelea kusuka. Hakukasirika. Aliacha tu. Nikamwona vile mikono ilivyorudi kwenye kazi, nikajua hataifungua tena simu ile kwa ajili ya jambo hili. Na hao wengine hawakuomba hata kuona.

Zuhura akaufungua wa kunyumbulika. Akampa.

Bi Somoe akasoma. Mama Zuhura, alisoma. Kwa sauti, polepole, neno moja moja kama mtu anavuka mto kwa mawe. "Ukindu... unachumwa... unaanikwa..." Wakaacha kusuka. Alisoma mpaka mwisho wa yale maneno, akashusha pumzi. Mwenzake akasema, "Kumbe unajua!" Akajibu, "Sikuwahi kupata herufi zinazonisubiri."

Halafu akapanda juu kwenye picha. Akaangalia. "Mbona Mama Zuhura hayupo?"

Zuhura aliangalia mikono yake. Nikasimama. Nilitaka kusema neno langu, wa kudumu, nimalize, niende zangu nyuma ya nyumba nikatafute kuni. Mdomo ulishafunguka.

Jirani yake akasema, "Hebu na mimi nione." Bi Somoe hakutaka kumwachia. Akaishika simu kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande, akaigeuza imelala, ili waione wote wawili. Vile mnavyoshika mkanda wa ukili kuonyeshana mchoro.

Na ile picha ikatanuka.

Akapiga kelele, "Huyo! Huyo hapo! Ameingia!"

Nilikwenda. Nilipiga magoti mbele yao, mimi mzima. Mkeka umelala simu nzima, mistari imenyooka, wanawake wote wapo. Na kulia kabisa, pembeni, kanga ya njano, kichwa chini, shazia mkononi. Siyo punje ya ufuta. Mtu.

Nikaichukua simu nikaisimamisha. Ukatoka. Nikailaza. Ukaingia. Nikaisimamisha, ukatoka. Nikailaza. Bi Somoe akasema, "Shemeji, usimchoshe mwenzio, mwache akae."

Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Akasema, "Baba, sikujaribu kuigeuza. Kote kote nimejaribu, hiyo sikujaribu."

Bi Somoe akasema, "Nyie mnaangalia mkeka umesimama? Mkeka umesimama ni ule umekunjwa umeegemezwa ukutani. Nani anauona huo? Mkeka unalazwa."

Basi nikasema neno langu. Nikasema, "Unyumbuke. Uweke na pindo." Zuhura akaandika. Nikamwambia picha usiiguse, iache ikatike hivyo hivyo, anayemtaka atailaza simu.

Nilikuwa nimekuona umekatwa, nikaona uonevu. Kumbe nani alikuweka pembeni? Ni wewe. Ulisema songeni, ukatoka mwenyewe, ili mmoja aliyekosa apate pa kukaa. Mimi nataka kukurudisha katikati kwa kamba. Ungenitukana kwa Kimakua.

Sitasema nimetulia. Sijatulia. Nimeandika hii kwa siku nne na kalamu mbili, nasimama kila mstari. Bado nikisikia ndoo inawekwa chini nageuka. Lakini siku ile sikurudi Masasi na Zuhura. Nilikwenda nyumbani kwetu, nikafungua, nikafagia. Mkeka wako upo, umekunjwa upande mmoja vile vile, kunjo limekaa mpaka ukindu umevunjika kidogo pale. Nilipima na ile kamba. Upungufu ni futi moja na nusu.

Ukuta wa mashariki nimeshautoa. Jumapili nilichimba msingi mpya. Bati zile hazitafika, nitaunga. Zitakuwa na kiungo katikati, hakitapendeza. Nimeanza na mkeka mara hii, nimeutandaza kwanza juu ya ardhi, ndiyo nikafunga kamba. Kaka yangu kapita kaniuliza, "Unajenga nini?" Nikamwambia pa kukaa watu. Akasema, "Saa hizi? Mwenyewe hayupo." Nikamwambia shika sululu.

Zuhura alisema kwenye ukurasa kuna nafasi ya maneno kidogo juu yako, niandike wewe ni nani. Nilijaribu. Nikaandika alizaliwa, nikaandika alisuka, nikachana. Sijui kuongea juu yako. Najua kuongea na wewe. Kwa hiyo nimemwambia kwa simu nitampa barua hii. Amesema itakuwa ndefu. Nikamwambia si unanyumbulika?

Jana akanipigia kuniuliza kitu kimoja cha mwisho. Chini ya picha aandike nini, maana kila picha inawekwa maneno chini. Jina lako? Mwaka?

Nimemwambia aandike hivi: Laza simu. Mama Zuhura yuko kulia, anashona.

Kaa hapo hapo. Mimi narudi kwenye tofali, saruji itaganda.

Mumeo,
Baba Zuhura